Kivuli na Kimelea: Picha za Mwili katika Uchunguzi wa Kifua Kikuu, Handeni na Korogwe

Picha ya eksirei haimwonyeshi mdudu wa kifua kikuu (TB). Bakteria anayeleta maradhi haya, Mycobacterium tuberculosis, ana urefu wa mikromita mbili hadi nne. Wapangwe mia tatu na ushei kwa mstari mmoja ndipo watimize milimita moja. Mashine ya mionzi haimfikii kwa udogo huo. Inachoonyesha ni kivuli chake: mahali alipolila pafu, maji yaliyojikusanya kwa sababu yake, tezi zilizovimba, kovu lililobaki alipoondoka. Kiswahili cha hospitali kimeishika tofauti hii bila mtu kukusudia. Picha hupigwa, makohozi hupimwa. Anayerudi nyumbani kutoka Magunga, hospitali ya Korogwe, na kusema amepigwa picha, bado anaweza kuulizwa kama amepimwa, na swali hilo ni la haki.

Mengi yaliyobishaniwa kuhusu picha na TB, kwa karibu karne nzima sasa, yanarudi kwenye jambo moja: kivuli hicho kiwekwe wapi katika foleni ya vipimo. Kikiwekwa mwisho, wagonjwa huchelewa. Kikiwekwa mwanzo bila kipimo cha makohozi nyuma yake, wasioumwa humezeshwa dawa za miezi sita. Tanzania iliwahi kukiweka mwisho kwa makusudi, na kwa hoja nzuri. Sasa inakirudisha mwanzo, na hoja za leo nazo ni nzuri.

Handeni na Korogwe ni wilaya jirani za mkoa wa Tanga zisizofanana. Korogwe iko katika bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Reli kutoka Tanga iliifikia mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaifuata reli: Ngombezi, Mnyuzi, Hale, Magoma. Vibarua walioitwa manamba waliletwa kutoka mbali na kulazwa kambini, watu wengi chumba kimoja chenye dirisha dogo. TB husafiri kwa hewa ya chumba cha namna hiyo: mmoja akikohoa usiku kucha, wenzake huivuta hewa hiyo hiyo hadi alfajiri. Handeni ni nchi ya Wazigua, kavu zaidi, ya mahindi na ng'ombe, yenye historia ndefu ya njaa. Na mwili wenye njaa hushindwa kumfungia bakteria ambaye mwili ulioshiba ungemdhibiti kwa miaka. Kutoka Korogwe hadi Handeni mjini, Chanika, ni kilomita 65 za lami. Shida huanzia pale lami inapokwisha. Kwa mtu wa kijiji cha ndani upande wa Kwamsisi au Kang'ata, kuambiwa "nenda kapige picha" ni nauli, siku nzima ya shamba iliyopotea, na pengine kulala ugenini.

Mionzi yenyewe iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen tarehe 8 Novemba 1895, miaka 13 baada ya Robert Koch kumtangaza bakteria wa TB. Kifua ndicho sehemu ya mwili inayoifaa kuliko zote, kwa sababu ya hewa. Hewa huipitisha mionzi, na pafu zima huonekana jeusi. Mfupa huizuia, na ubavu huonekana mweupe. Moyo, damu na maji huwa katikati. TB hujaza usaha na tishu zilizooza mahali palipopaswa kuwa na hewa, basi weupe huzuka ndani ya weusi, na jicho lililofundishwa huuona.

Picha nzuri huanza na namna mgonjwa anavyosimama. Kifua hubandikwa kwenye kibao, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko vikisukumwa mbele ili mifupa ya mabega iondoke juu ya mapafu. Kisha huja amri inayojulikana na kila aliyewahi kuingia chumba hicho: vuta pumzi, zuia. Aliyevuta pumzi nusu hupata picha ya mapafu yaliyojikunja, yenye weupe chini unaofanana na maradhi. Msomaji makini huhesabu mbavu kabla ya kutafuta ugonjwa. Zisipotimia tisa au kumi za nyuma juu ya kiwambo, picha hurudiwa. Misuko nayo ina hila yake. Nywele zilizosukwa nene na kuangukia mabegani hutia kivuli juu ya ncha za mapafu, mahali hasa TB ya watu wazima inapopenda kukaa, na wapo wanawake walioandikiwa "kivuli ncha ya kulia" kwa ajili ya rasta. Hirizi yenye kipande cha bati huonekana kama duara jeupe la kushangaza katikati ya kifua. Mtaalamu wa mionzi mwenye busara humwomba mgonjwa aivue kwa faragha na kumrudishia mkononi mwake.

Alama za TB katika picha ni nyingi, ila chache ndizo za kukumbukwa. Ya kwanza ni tundu: duara jeusi lenye ukuta mweupe, kwa kawaida katika sehemu ya juu ya pafu, penye oksijeni nyingi. Tundu ni ghala la bakteria lililofunguka kwenye njia ya hewa, na mwenye nalo ndiye anayeambukiza kuliko wote. Ya pili ni TB iliyotawanyika kwa njia ya damu, ambayo hujaza mapafu yote mawili vidoti vidogo vya kulingana. Madaktari wa Ulaya waliipa jina la Kilatini la nafaka ya jamii ya ulezi, na mtu wa Handeni aliyewahi kuona punje zikimwagika juu ya kitambaa cheusi hahitaji maelezo zaidi. Ya tatu ni maji kati ya pafu na ubavu, yanayofanya upande mmoja wa chini uwe mweupe wenye ukingo uliopinda kama bakuli. Kwa watoto, alama kuu ni tezi zilizovimba penye mzizi wa pafu, na hizo ni ngumu kuziona hata kwa bingwa.

Kisha kuna UKIMWI, ambao huvuruga ramani yote. Matundu huundwa na kinga ya mwili yenyewe inapopigana. Kinga ikishuka, tundu halipatikani. Weupe huenda sehemu za chini, au hauonekani kabisa. Mtu mwenye VVU na kinga iliyoporomoka anaweza kuwa na TB inayokaribia kumuua na picha ya kifua iliyo safi.

Matumizi ya picha kwa watu wengi kwa pamoja yalianzia Brazil. Manuel de Abreu aligundua mwaka 1936 namna ya kupiga picha ndogo ya kioo kinachong'aa kwa mionzi, kwa filamu ya kamera, kwa bei nafuu. Baada ya vita kuu ya pili magari yenye mashine hizo yalizunguka miji ya Ulaya na Marekani yakiwapiga picha mamilioni ya watu. Ilionekana kwamba TB ingetafutwa nyumba kwa nyumba hadi iishe.

Haikuwa hivyo, na aliyechangia sana kuonyesha kwa nini ni Karel Styblo wa Czechoslovakia. Katika wilaya ya Kolín, kuanzia mwaka 1960, watu wazima wote walipigwa picha kila baada ya miaka mitatu hivi. Hata huko, penye umeme, barabara na madaktari wa kutosha, wagonjwa wengi wenye bakteria wengi katika makohozi hawakunaswa na gari. Waliugua katikati ya mzunguko mmoja na mwingine, wakakohoa, wakaenda wenyewe kliniki. Maradhi yalikuwa yakienda kasi kuliko gari. Mwaka 1974 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ilishauri upigaji picha wa watu wote kwa pamoja uachwe.

Styblo huyo ndiye aliyekuja Tanzania. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977 kwa ushirikiano na umoja wa kimataifa wa kupambana na TB, naye akiwa mshauri wake mkuu. Silaha aliyoichagua ilikuwa hadubini. Hoja yake ilikuwa ya hesabu: mgonjwa ambaye bakteria wake wanaonekana kwa hadubini ndiye anayeambukiza zaidi, basi huyo atafutwe kwanza, atibiwe, asimamiwe akimeza dawa, na jina lake liandikwe kwenye rejista hadi apone. Hadubini yenye kioo cha kuakisi jua hufanya kazi pasipo umeme. Mashine ya eksirei ya wakati ule ilitaka umeme wa uhakika, filamu kutoka nje, chumba cha giza, dawa za kusafishia, na fundi ikiharibika; ikikosa kimoja kati ya hivyo, hugeuka kuwa samani. Kutokana na mfumo wa Tanzania, WHO ilijenga katikati ya miaka ya 1990 mkakati uliojulikana duniani kote kwa jina la DOTS. Ni mara chache wilaya za Afrika zimeifundisha dunia kwa kiasi hicho, na haisemwi vya kutosha.

Kwa Handeni na Korogwe mfumo huo ulimaanisha mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, pikipiki yake, rejista yake kubwa, na vikopo vya makohozi. Picha iliachiwa mgonjwa ambaye vipimo vyake havikuonyesha kitu lakini bado anakohoa na kukonda. Foleni ilikuwa kikohozi kwanza, hadubini pili, picha mwisho.

Udhaifu wa foleni hiyo ulijificha mahali pawili. Hadubini huhitaji bakteria elfu tano hadi kumi katika kila mililita ya makohozi ndipo iwaone. Wenye wachache huambiwa hawana kitu, na UKIMWI uliwazidisha watu wa aina hiyo. Mahali pa pili palichukua muda kuonekana. Mfumo mzima ulimngoja mtu akohoe, aone kikohozi chake ni ugonjwa, halafu apande gari. Tanzania ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa kiwango cha TB mwaka 2012, ukitumia maswali, makohozi na picha za kifua, na TB ilionekana kuwa nyingi kuliko makadirio ya awali. Kenya ilifanya wake mwaka 2015 hadi 2016 na kupata wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, idadi iliyozidi sana iliyotarajiwa. Tafiti za aina hii zilizofanywa Afrika na Asia zimekuja na jambo moja ambalo hadubini isingelisema: karibu nusu ya watu wenye bakteria wa TB katika makohozi hawajisikii wagonjwa. Wanalima, wanachunga, wanauza nyanya Segera. Kifua chao tayari kina kivuli.

Tofauti hiyo huonekana vizuri kwa hesabu ya kijiji kimoja cha kufikirika chenye watu wazima 1,000, watatu kati yao wakiwa na TB. Kwa mujibu wa muhtasari wa tafiti uliotolewa na WHO mwaka 2021, swali la kikohozi cha wiki mbili au zaidi huwanasa wagonjwa 42 kati ya 100, na picha ya kifua inayosomwa kwa kuhesabu kasoro yoyote huwanasa 94. Katika kijiji hicho swali litampata mmoja kati ya watatu. Picha itawapata karibu wote watatu. Lakini picha hiyo hiyo itawaonyeshea kidole watu 110 hivi wasio na TB: wenye kovu la nimonia, moyo uliopanuka, vumbi la miaka mingi. Wote watatakiwa kutoa makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, ambayo kasha lake moja la kipimo limekuwa likiuzwa kwa nchi zetu kwa karibu dola 8 tangu 2023. Makasha 113 ni dola 900 hivi. Kuwapima wote 1,000 moja kwa moja kungekula dola 8,000. Kazi ya picha katika foleni ya leo ndiyo hiyo, kazi ya chekecheke. Inapunguza mlima wa makohozi hadi kiasi ambacho maabara ya wilaya inaweza kukimaliza kwa wiki. Akitoka mtu ameandikiwa dawa kwa picha peke yake, wakati makohozi yangeweza kupimwa, chekecheke limegeuzwa sufuria.

Hoja hii inapata uzito zaidi kadiri maradhi yanavyopungua. Makadirio ya wagonjwa wapya nchini yalishuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi 195 mwaka 2022. Waliobaki ndio wagumu kupatikana.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa macho. Daktari bingwa wa mionzi hukaa mjini, na picha mia mbili zilizopigwa Mkata kwa siku moja zingemngoja kwa wiki kadhaa. Hapa ndipo akili unde ilipoingia, na kwa mara moja haikuingia kama porojo. Mwaka 2021 WHO ilikubali programu za kompyuta zisome picha za kifua badala ya binadamu, kwa watu wa miaka 15 na zaidi, katika kutafuta TB. CAD4TB ya Uholanzi na qXR ya India ni kati ya zinazojulikana zaidi. Programu ilifundishwa kwa picha nyingi mno ambazo majibu yake yanajulikana. Ikipewa picha mpya hutoa alama na kupaka rangi mahali panapotia shaka. Jibu hutoka kabla mgonjwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati.

Alama hiyo si asilimia ya kuwa mgonjwa, ingawa wengi huisoma hivyo. Ni kipimo cha shaka tu, na mahali pa kukata, yaani kizingiti ambacho mtu akikivuka anatoa makohozi, huamuliwa na watu. Kizingiti kilichofaa jiji la Asia kinaweza kuwa kibovu kwa Handeni. Wenye makovu ya TB ya zamani na wazee hupata alama kubwa hata wakiwa wazima, na programu hufanya vibaya zaidi kwao. Ndiyo sababu WHO inashauri kila nchi ipime kwanza kwa watu wake, kwa kulinganisha alama na makohozi, kabla ya kuweka kizingiti. Kazi hiyo haina mvuto na wafadhili huipita haraka, lakini bila yake kompyuta husoma vifua vya Wazigua kwa miwani ya mtu mwingine.

Mashine zenyewe zimebadilika. Filamu imeondoka, na pamoja nayo chumba cha giza na harufu ya siki. Ziko mashine za mkononi zenye uzito wa kilo 3.5 zinazopiga picha mia kwa chaji moja ya betri. Hizo hufika kwa pikipiki mahali lori lingekwama masika. Kiasi cha mionzi kwa picha moja ya kifua ni kidogo, millisievert 0.1 au pungufu, sawasawa na mionzi ya asili ambayo kila mtu hupokea kwa siku 10 hivi akiwa shambani kwake. Mtu wa kulindwa zaidi ni mpiga picha, anayesimama hapo kutwa, na msongamano wa watoto wanaochungulia. Sheria inataka kila mashine, hata ya mkononi, iwe na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Wachimbaji wadogo wanahitaji kusimuliwa peke yao. Handeni ina dhahabu, Magambazi ikiwa jina lililovuma zaidi, na Kalalani upande wa Korogwe ina vito. Dhahabu hukaa ndani ya mwamba wa kwatzi, na kwatzi ikipondwa kavu hutoa vumbi la silika lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo likifika ndani kabisa ya pafu, seli zinazopaswa kumla bakteria hulimeza na kufa. Matokeo ni silikosisi, na mwenye silikosisi huugua TB kwa urahisi kuliko mwenzake. Kwa msomaji wa picha hii ni mtihani mkubwa. Silikosisi nayo huweka vidoti sehemu za juu za mapafu, navyo huungana kuwa mabonge, na mabonge huweza kutoboka. Dalili moja ya kuzitenganisha ni tezi zilizozungukwa na chokaa nyembamba kama ganda la yai. Haipo kila mara. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa kulaza wagonjwa wa kifua kikuu, imejenga ujuzi wa jambo hili kwa kuwafuata wachimbaji wa Mirerani kwa gari lenye eksirei na maabara. Wachimbaji wa Handeni wana mwamba tofauti na vumbi lile lile. Kwao picha moja ya kuanzia kazi, ikihifadhiwa, ina thamani kubwa kuliko picha tatu zitakazopigwa wakishaanza kuhema.

Watoto ndio waliobaki nyuma. Mtoto wa miaka miwili hatoi makohozi; huyameza. Kwa hiyo picha, pamoja na historia ya nani anakohoa nyumbani, hubeba uamuzi mzito kuliko kwa mtu mzima, na usomaji wake ndio unaotofautiana zaidi kati ya daktari na daktari. Korogwe ina uzoefu usiotajwa sana katika hili. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilichopo Korogwe kilikuwa kimoja kati ya vituo 11 vya nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Chanjo ilikuwa ya malaria, lakini utafiti ulihitaji pia kujua watoto wangapi waliugua nimonia, basi picha za vifua vya watoto zilipigwa na kusomwa kwa kanuni moja katika vituo vyote. Aliyejifunza kusimamisha mtoto anayelia, kupata pumzi yake, na kukubaliana na msomaji wa nchi nyingine kuhusu weupe wa ukubwa wa sarafu, amejifunza kitu ambacho TB ya watoto inakihitaji.

Sababu ya kukihitaji imeongezeka. Jaribio lililoitwa SHINE, lililofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India, lilionyesha kwamba watoto wenye TB isiyo kali hupona kwa dawa za miezi minne sawa na wanaotibiwa miezi sita, na mwaka 2022 WHO iliingiza jambo hilo katika mwongozo wake. Ukali huo hupimwa kwa sehemu kubwa kwa picha: tezi tu, au sehemu ndogo ya pafu moja bila tundu. Mwongozo umeweka njia ya kuamua hata pasipo picha, kwa kuangalia hali ya mtoto. Hata hivyo mama wa Kabuku aliye karibu na mashine nzuri ana nafasi ya kumpunguzia mwanawe miezi miwili ya vidonge kwa uhakika zaidi.

TB nje ya mapafu huhitaji jicho jingine, nalo ni ultrasaundi, mashine iliyozoeleka kwa wajawazito. Kwa mgonjwa mwenye VVU, daktari aliyefunzwa hutafuta mambo machache tu: maji kuzunguka moyo, maji kifuani na tumboni, tezi kubwa za tumbo, na madoa meusi madogo ndani ya wengu. Utaratibu huu ulikuzwa Afrika Kusini, na nchini Tanzania umejaribiwa na watafiti wa Ifakara. Unaifaa Handeni kwa sababu ya ziada. Wafugaji hunywa maziwa, na maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa hubeba Mycobacterium bovis, ndugu wa bakteria wa TB. Huyu huingia kwa njia ya koo na utumbo, akakaa kwenye tezi za shingo na tumbo. Watafiti wa Tanzania wamemtoa katika tezi za shingo za wagonjwa wa jamii za wafugaji. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupigwa picha ya kifua mara tano na kuambiwa mara tano kwamba yuko salama.

CT skani, ambayo hukata mwili kwa picha za vipande, imefika katika hospitali za rufaa za mikoa, na ni bora kwa uti wa mgongo unaoliwa na TB na kwa ubongo. Kwa kutafuta TB vijijini haina nafasi: ni ghali na mionzi yake ni makumi ya mara ya picha ya kawaida. PET, inayoonyesha mahali seli zinapotumia sukari kwa pupa, ni chombo cha utafiti zaidi kuliko cha tiba. Imetoa, hata hivyo, habari iliyowashtua madaktari. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa waliomaliza miezi sita ya dawa na kuhesabiwa wamepona, makohozi yao yakiwa safi. Wengi wao bado walikuwa na sehemu za mapafu zinazowaka katika picha, na baadhi zilikuwa zimeanza upya. Kupona kwa rejista na kupona kwa pafu vilikuwa vitu viwili.

Hilo linamgusa kila aliyewahi kutibiwa TB Korogwe au Handeni, na wako wengi. Dawa huua bakteria. Pafu lililoliwa haliotishi jingine. Hubaki makovu yanayovuta njia za hewa na kuzipanua, na matundu makavu ambamo kuvu huweza kuota. Mtu huyo atakohoa kila baridi ya Julai, pengine na damu, na kila mara atafikiriwa kuwa TB imerudi. Programu ya kompyuta itampa alama kubwa, daktari mwenye haraka atamwandikia dawa tena, na GeneXpert inaweza kuokota vinasaba vya bakteria waliokufa zamani.

Kinachomwokoa ni picha yake ya zamani. Enzi za filamu iliwekwa kwenye bahasha kubwa ya kaki na mgonjwa akaenda nayo nyumbani, ikakaa chini ya godoro pamoja na hati ya shamba. Picha ya kidijiti hukaa kwenye kompyuta ya hospitali iliyoipiga, na aliyetibiwa Magunga akihamia machimboni Handeni haimfuati, isipokuwa mifumo imeunganishwa au mtu alikumbuka kumpa nakala. Picha mbili zikiwekwa pamoja, ya mwaka juzi na ya leo, kivuli kisichobadilika ni kovu. Kilichokua, au kipya kilichozuka pembeni mwa cha zamani, humpeleka mgonjwa kwenye kikopo cha makohozi siku hiyo hiyo.